Kamina: gesi na makala vikae nyumba moja, lakini mbabula isilale chumbani

Wakati wa kipwa, mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya usiku inaingia katika nyumba za Kamina kupitia kila ufa wa mlango. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mbingu ikiwa safi bila wingu, joto la mchana linaondoka mapema. Ndipo mbabula iliyopika bukari ya jioni inachukuliwa ikiwa bado na moto, inaingizwa chumbani, dirisha linafungwa, na watoto wanalala kando yake. Makala yamekwisha kuwa mekundu, hayatoi moshi, kwa hiyo watu wanaona hakuna hatari.

Hatari iko hapo hapo. Makala yanayoungua ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinaanza kuuma, miguu inalegea, usingizi unakuwa mzito, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kuamka na kufungua mlango. Moshi ungemkohoza na kumwamsha. Makala mekundu hayamkohozi. Asubuhi mlango ukivunjwa, wako majirani watakaoanza kutaja ulozi, na mbabula itatolewa nje kimya kimya.

Habari ya namna hiyo inarudi kila mwaka katika miji ya Katanga na ya Kivu, na kila mwaka onyo ni lile lile: acheni mbabula nje. Onyo ni la kweli, ila halijibu swali la mama mwenye nyumba. Mbabula ndiyo jiko lake, ndiyo taa yake ya jioni, ndiyo joto lake la usiku. Ukimwambia aitoe chumbani bila kumwonyesha moto mwingine utafanya kazi gani, umemwachia baridi na watoto wanaolia. Swali lenyewe basi ni hili: nyumba ya kawaida ya Kamina, yenye watu 6 au 7 na pesa inayopatikana siku kwa siku, ichague moto gani?

Mjini kuna majibu mawili, na yote mawili yana kasoro. La kwanza linasema gesi ya chupa ni kitu cha matajiri wa Lubumbashi na Kolwezi, tena inalipuka, kwa hiyo makala ndiyo ya kwetu na yatabaki. La pili linatoka kwa watu wa semina na miradi: makala ni uchafu, yanamaliza pori, kila mtu ahamie kwenye gesi au umeme, na makala yapigwe marufuku. Wa kwanza hawajapiga hesabu ya chai ya asubuhi. Wa pili hawajapiga hesabu ya maharagi.

Katika nchi za baridi kali, kule Canada na kaskazini ya Marekani ambako Wakongomani wengi wamehamia, kuna nyumba zinazopashwa joto na mashine mbili. Moja ni pampu ya joto inayotumia umeme: inavuta joto lililo katika hewa ya nje na kuliingiza ndani, na kwa kipimo kimoja cha umeme inaweza kuleta vipimo 2 au 3 vya joto. Nyingine ni tanuru ya gesi. Siku baridi ikiwa ya kiasi, pampu inafanya kazi peke yake kwa gharama ndogo. Baridi ikizidi, pampu inachoka, umeme unaliwa bure, na tanuru inachukua zamu. Mwenye nyumba anaweka mpaka: joto la nje likishuka chini ya namba fulani, kazi inahamia kwenye gesi. Watu wa huko si wajinga kwa kununua mashine mbili. Wamekubali kwamba hakuna moto mmoja unaoshinda kila saa, na wametafuta mahali ambapo mmoja unaacha kufaa na mwingine unaanza.

Kamina haihitaji mashine hizo. Inahitaji ule mpaka.

Kabla ya kufika kwenye mpaka huo, umeme uwekwe mahali pake, maana kuna familia ambazo kwa miaka zimesema: acha tusubiri umeme ukae vizuri, ndipo tutanunua reshu. Subira hiyo imekuwa ndefu. Wabelgiji walijenga mtambo wa maji wa Kilubi katika miaka ya 1950, wakati wa kujenga kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina, na mji ulipata sehemu yake. Kisha Zaïre ikajenga laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ikamalizika mwaka 1982. Laini hiyo inakatiza ardhi ya Haut-Lomami. Watoto wa vijiji vya huku wamekua wakiona nguzo zake, na nyumba zao ziko gizani.

Wengi wanaona ni dharau tupu, na dharau haikukosekana: laini ilijengwa kwa ajili ya migodi. Lakini iko pia sababu ya ufundi ambayo haielezwi mara nyingi. Umeme unaopita humo ni wa mkondo wa moja kwa moja, wa nguvu kubwa mno. Hauwezi kuchotwa njiani kwa transfoma kama laini za kawaida. Panahitajika kituo kizima cha kuugeuza, na kituo hicho ni ghali sana. Kwa sababu hiyo umeme unapanda Inga na kushuka Kolwezi. Anayewaahidi watu wa Kamina wakati wa kampeni kwamba atawaunganisha na laini inayopita juu ya vichwa vyao angeulizwa kwanza pesa ya kituo itatoka wapi.

Mwezi wa 1 mwaka 2025, huko Dar es Salaam, Kongo ilikuwa kati ya nchi 12 za kwanza za Afrika zilizoweka saini mipango ya kupeleka umeme kwa watu wengi kabla ya 2030, na upishi safi umo ndani ya mipango hiyo. Ni vizuri. Leo hii, katika nchi nzima, ni kama mtu mmoja kwa watano anayefikiwa na umeme, na anayefikiwa hajui utakaa saa ngapi. Umeme ukija Kamina, uwashe taa, uchaji simu, upige pasi, usukume mashine ya kusaga. Ukiwapo saa ya kupika, utumike. Kuujengea jiko lote la familia bado ni kucheza na njaa.

Jirani wa kusini ametoa somo lake mwaka 2024. Zambia inapata umeme wake mwingi kutoka bwawa la Kariba. Mvua ilikosekana, maji yakashuka, na miji ya Zambia ikakaa bila umeme kwa saa nyingi za siku, kuna siku zilizopita saa 20. Nyumba zilizokuwa zimezoea reshu zikarudi kwenye makala kwa haraka, bei ikapanda, na wenye chupa ya gesi pembeni ndio waliokunywa chai kwa wakati. Kule Goma nako, mtambo wa Matebe wa megawati 13 umetoa umeme tangu mwisho wa 2015, umewasha taa na kuendesha viwanda vidogo, lakini magunia ya makala hayajaacha kuingia mjini. Watu hawaachi moto wao wa zamani kwa sababu moto mpya umefika. Wanaongeza. Ni busara yao, na sera yoyote inayodharau busara hiyo itaanguka.

Sasa hesabu. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya joto ya megajuli 46 hivi. Kilo moja ya makala mazuri, makavu, ina karibu 30. Mbabula ya bati ya kawaida inapeleka kwenye sufuria kama sehemu moja kwa tano ya joto hilo, lingine linapotea pembeni na hewani. Jiko la gesi linapeleka zaidi ya nusu. Ukiunganisha hayo, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo 4 hivi za makala. Kwa hiyo mtu achukue bei ya kilo ya gesi anayoikuta sokoni siku hiyo, aigawanye kwa 4. Kama kilo ya makala ni rahisi kuliko jibu lake, makala yanashinda kwa chakula kirefu. Tuseme gesi ni faranga 8,000 kwa kilo na makala ni 500. Robo ya 8,000 ni 2,000. Makala yanashinda, tena kwa mbali. Katika mji uliozungukwa na pori kama Kamina, yatashinda karibu kila siku ya mwaka, isipokuwa pengine katikati ya mvua kubwa, barabara zikiwa matope na magunia yakija yamelowa.

Hapo ndipo watu wa gesi wangependa hesabu iishe haraka, na ndipo watu wa makala wanashangilia mapema. Hesabu haijaisha, kwa sababu mbabula haiwaki kwa kubonyeza. Chai ya asubuhi ya watu 6 ni lita 2 za maji. Kuwasha mbabula, kupepea, kungoja makala yashike, kisha kuchemsha, kunakula nusu saa na gramu 400 hivi za makala, na chai ikiisha kuiva moto unabaki unawaka bila kazi. Kwa bei zile za mfano ni faranga 200. Gesi inachemsha lita hizo 2 kwa gramu 30, dakika 10 hivi, kisha inazimwa. Ni faranga 240. Tofauti ni faranga 40, na mama amepata dakika 20 kabla ya watoto kwenda masomoni, bila plastiki ya kuwashia, bila mafuta ya taa, bila macho kuwaka.

Maharagi ni habari nyingine. Yanahitaji saa 2 au zaidi. Gesi itakula kama gramu 200, yaani faranga 1,600. Mbabula itakula kilo moja na kidogo, faranga 500 hadi 600. Sombe ni hivyo hivyo, na nyama ngumu pia. Hapa anayemwambia mama wa Kamina atumie gesi hamhurumii. Na bukari? Kwa bei, bukari iko katikati, lakini yenyewe ina jambo lake ambalo watu wa semina hawalitaji. Bukari inasongwa kwa nguvu. Sufuria inashikwa, mwiko unazunguka, mkono wote unaingia kazini. Vile vichwa vya jiko vinavyofungwa juu ya chupa ndogo ya gesi havikutengenezwa kwa mapambano hayo. Chupa inatikisika, inaweza kuanguka na sufuria yake ya maji yanayochemka. Mbabula pana, iliyokaa chini, inavumilia. Anayetaka kusonga bukari juu ya gesi atafute meza ya chuma yenye jiko imara na chupa isimame pembeni.

Mpaka basi unaonekana. Kila chakula kinachoiva chini ya nusu saa na hakisongwi kiende kwenye gesi: chai, uji wa mtoto, mayai, mchele kidogo, kupasha chakula cha jana, maji ya dawa usiku wa manane. Kila kinachozidi hapo, pamoja na bukari, kibaki kwenye mbabula, nje, chini ya paa la baraza. Kwa kazi hizo ndogo, gramu 60 kwa siku, chupa ya kilo 6 inaweza kufika miezi 3. Familia nyingi zinazosema gesi inaisha haraka zimeiwekea maharagi juu yake.

Makala yenyewe yanaweza kupunguzwa bila kumwona mgeni yeyote wa mradi. Maharagi yalazwe ndani ya maji tangu jana, saa moja nzima ya moto inapungua. Sufuria ifunikwe. Mbabula iwe na udongo wa kuchoma ndani yake, kama zile zilizoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Joto halikimbii pembeni na karibu theluthi ya makala inabaki kwenye gunia. Mafundi wa bati wa Kamina wanaweza kuitengeneza kwa mikono yao, wafinyanzi wako, udongo uko. Ni ajabu kwamba bado inauzwa mbabula ile ile nyembamba inayotoboka baada ya miezi michache.

Jambo la pori haliwezi kuachwa pembeni, hata kama halionekani kwenye hesabu ya jioni. Kwa tanuru ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya makala inakula kati ya kilo 5 na 10 za mti mkavu. Miti ya miombo inachipuka tena ikikatwa vizuri na kuachwa ipumzike, hilo wazee wanalijua. Lakini haichipuki pale ambapo baada ya tanuru linakuja shamba, na baada ya shamba unakuja moto wa kila mwaka. Wakaaji wa Lubumbashi wameona makala yao yakitoka mbali zaidi mwaka hadi mwaka. Kamina bado ina pori karibu, na hiyo ndiyo sababu makala yake ni rahisi. Bei hiyo ndogo ina mwisho wake. Ukipunguza makala ya chai katika kila nyumba sasa, mwisho huo unasogea mbali, bila kumnyang'anya mchomaji makala wa kijijini mkate wake kwa siku moja.

Na gesi yenyewe? Woga wa watu si upumbavu. Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kutoka dirishani. Inashuka, inajikusanya sakafuni, inangoja cheche. Kwa sababu hiyo imetiwa harufu mbaya kiwandani, ili pua ijue. Harufu ikisikika, mlango unafunguliwa, chupa inafungwa, taa haiwashwi wala kuzimwa, simu haitumiki ndani. Chupa mpya ikifungwa, maji ya sabuni yanapakwa kwenye kiungo: yakitoa mapovu, panavuja. Mpira uliopasuka unatupwa, haufungwi kwa utepe. Chupa inasimama, hailazwi, na hailali chumba kimoja na watoto. Gesi pia inaweza kutoa ile hewa ya sumu katika chumba kisichopumua, kwa hiyo kuwasha jiko la gesi ili kupasha chumba cha kulala ni kurudi kule kule kwa mbabula. Haya yote mtu anaweza kufundishwa kwa robo saa na muuzaji wake, kama muuzaji anajua mwenyewe. Wako wanaouza chupa kando ya barabara kama wanavyouza mafuta ya mawese, na hapo wakuu wa mji wangepaswa kufika kabla ya moto kufika.

Kikwazo kikubwa kuliko woga ni pesa ya kuanzia. Makala yananunuliwa kwa fungu dogo, kwa pesa ya leo. Chupa ya gesi inataka pesa ya chupa, ya kichwa cha jiko, na ya gesi ya kilo 6 kwa mara moja. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi, hata kama mwisho wa mwezi angetumia kiasi kile kile. Majirani wa mashariki wamelishughulikia hilo. Huko Dar es Salaam, kampuni ya KopaGas iliweka mita kwenye chupa, mteja akalipa kidogo kidogo kwa simu kadiri anavyopika. Teknolojia yake ilinunuliwa mwaka 2020 na kampuni ya Circle Gas kwa dola milioni 25, na Nairobi inatumia njia hiyo. Tanzania ina mkakati wa tangu 2024 unaotaka watu 80 kwa 100 wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kenya imeonyesha pia kinachobomoa: iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 mwezi wa 7 mwaka 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa tena 2023. Mama aliyenunua jiko lake mwaka 2020 alikuwa na haki ya kujiona amedanganywa.

Kwa Haut-Lomami, mita za simu bado ni ndoto ya mbali kidogo. Yako mambo yaliyo karibu zaidi. Pesa ya simu iko tayari mikononi mwa watu, na vyama vya likelemba viko katika kila mtaa. Akina mama 10 wakichangia kila wiki, kila mmoja anapata chupa yake kwa zamu, na wengi hawatahitaji benki wala mfadhili. Jimbo nalo lina lake la kufanya. Gesi inayofika Katanga inatoka nje ya nchi, inapita mipaka na vizuizi vya barabarani, na kila kituo kinaongeza kitu juu ya bei. (Wakati huo huo, huko Muanda, gesi ya visima vya mafuta imechomwa hewani kwa miaka mingi; na katika ziwa Kivu, upande wa Rwanda, gesi ya ziwa imegeuzwa kuwa umeme wa megawati 26 tangu 2016, upande wa Kongo bado ni mikutano.) Bunge la jimbo haliwezi kuamua bei ya dunia. Linaweza kuamua kwamba chupa ya kupikia haitozwi kitu chochote cha jimbo, na kulitangaza hilo kwenye kila kizuizi, kwa maandishi, ili dereva awe na karatasi ya kuonyesha.

Kisha iko reli. Kamina ni njia panda ya treni: moja inashuka Lubumbashi, moja inapanda Kabalo, moja inakwenda Kananga na Ilebo. Treni inachelewa, kila mtu anajua, na gesi iliyokwama njiani wiki mbili ni gesi inayomrudisha mtu kwenye mbabula ya chai. Hakuna ubaya. Ndiyo maana ya kuwa na moto wa namna mbili. Lakini wauzaji wakikubaliana kuwa na akiba ya chupa za mwezi mmoja mjini, na gavana akiwapa mahali pa wazi pa kuziweka mbali na soko, ukosefu hautageuka kila mara kuwa nafasi ya kupandisha bei. Na mizani iwe mezani. Chupa ya kilo 6 iliyotiwa kilo 5 inafuta hesabu yote iliyopigwa hapo juu, na mnunuzi hana jicho la kuona ndani ya chuma.

Majiko makubwa yangepaswa kutangulia kuliko nyumba. Shule zenye mabweni, hospitali, gereza, kambi ya askari: mahali hapo makala na kuni vinaingia kwa lori. Tanzania ilianza huko, ikiamuru taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na makala. Katika Kamina amri kama hiyo leo ingekuwa karatasi tu. Majiko ya kuni yaliyojengwa kwa matofali, yenye bomba la kutoa moshi, yangepunguza nusu ya mzigo kwa gharama ya fundi mwashi na saruji kidogo, na wapishi wasingeendelea kukohoa. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo karibu milioni 3 kwa mwaka duniani kutokana na moshi wa nyumbani, na wapishi wa taasisi hawamo hata katika picha ambayo watu wanaipata wakisikia namba hiyo.

Inabaki ile baridi ya kipwa, ambayo gesi haikuitatua na umeme bado hauitatui. Nyumba ya Kamina haina tanuru, na haiihitaji. Usiku wa baridi ni wa wiki chache. Kinachohitajika ni joto la saa tano au sita juu ya kitanda, si katika chumba kizima. Nguo kuukuu zinajazwa kwenye ufa wa chini ya mlango, huku tundu la juu la hewa likiachwa wazi. Watoto wanalazwa pamoja, na chini ya godoro linatandikwa katoni au mkeka wa pili, kwa sababu baridi nyingi inapanda kutoka sakafuni. Na moto wa mwisho wa bukari, ule ambao ungeingizwa ndani, unawekewa sufuria ya maji. Yakiwa moto sana lakini hayajachemka, yanamiminwa ndani ya bido ndogo, kizibo kinakazwa, bido inafungwa kwa kitambaa kizito na kuwekwa miguuni mwa watoto. Maji yana sifa ya kushika joto muda mrefu. Bido ya lita 5 bado ni vuguvugu usiku wa manane. Mbabula inabaki barazani na majivu yake, na asubuhi chai inachemshwa kwa gesi.